Jicho moja la mbali, jingine la karibu: nitazoea lini?

Fundi cherehani, Jinja:
Ndugu zangu, nimeondolewa mtoto wa jicho kwa awamu mbili, na ni wiki ya tatu tangu jicho la pili lipasuliwe. Niliwekewa lenzi ya kuona mbali katika jicho la kulia na ya karibu katika la kushoto, ili niachane na miwani. Kweli, sasa natunga uzi katika sindano bila msaada, lakini jana nilimimina chai nje ya kikombe mbele ya wageni, na usiku taa za magari yanayotoka Kampala zinazungukwa na pete za ukungu. Hujikuta nikifumba jicho moja ili nione vizuri. Je, hali hii itaisha?

Mwalimu mstaafu, Masaka:
Pole, fundi. Acha kufumba jicho, kwa maana ubongo ndio unaojifunza kufuata picha iliyo safi na kuipuuza yenye ukungu, nawe ukifumba unaunyima mazoezi. Mimi nilikaa karibu miezi miwili. Kuhusu chai, umbali wa vitu vya karibu hukadiriwa kwa macho mawili yanayoona sawasawa, kwa hiyo gusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kabla ya kuinamisha. Wageni watakuzoea.

Msaidizi wa kliniki ya macho, Kampala:
Kwa kawaida jicho tawala, yaani lile ambalo ubongo hulitegemea zaidi, ndilo hupewa kazi ya mbali. Kutanisha viganja uache tundu dogo, tazama kitasa cha mlango kupitia hapo, kisha fumba jicho moja moja. Linaloendelea kukiona kitasa ndilo tawala. Uliza pia tofauti ya macho yako ni dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) ngapi, kwa kuwa ikizidi 2 wengi huona taabu kuzoea. Kwa safari za usiku, omba miwani itakayolifanya jicho la kushoto nalo lione mbali. Ukipata maumivu, wekundu, mimweko ya mwanga au uoni kupungua ghafla, hilo si suala la kuzoea: rudi kwa daktari siku hiyohiyo.

Fundi cherehani, Jinja:
Asanteni. Nimejaribu kwa kitasa, na tawala ni la kulia. Nitakwenda kupimwa miwani ya usiku. Hadi hapo, jioni pikipiki ataendesha kijana wangu.