Mrejesho: taya inayolia "ko" msimu wa mitihani, Bukavu

Asanteni ndugu. Niliuliza kuhusu mwanafunzi anayeamka taya imekaza, kiungo cha mbele ya sikio kikilia ko! akipiga mwayo. Daktari wa meno ameangalia: meno ni mazima (waliosema gego ling'olewe, poleni), anayakaza kwa wasiwasi wa mitihani. Kinywa kinafunguka upana wa vidole vitatu, kwa hiyo taya haijakwama. Kazi kubwa ni mkao: midomo imefungwa, meno yameachana, ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, nukta ya kalamu kwenye kila ukurasa inamkumbusha. Kitambaa cha maji ya moto dakika 15, asubuhi na jioni. Vya kutafuna sana kama muwa na shikileti (ubani wa kutafuna), hapana. Vyakula laini kama fufu na sombe (kisamvu), sawa. Mlio usiouma unaachwa. Usingizi bado mbovu. Wiki ijayo anaonana na mwanasaikolojia.