Udalali wa nyumba kwa teknolojia Marekani: mbona ukuaji hauleti faida?

Mweka Hazina, Kent (Washington)

Wanajukwaa, salamu. Ninatunza fedha za chama cha uwekezaji cha Waafrika Mashariki tunaoishi kusini mwa Seattle. Katika kikao kilichopita baadhi ya wanachama walipendekeza tununue hisa za Compass, kampuni ya udalali wa nyumba ya hapa Marekani, kwa hoja kwamba udalali wa nyumba unaoendeshwa kwa programu za simu na takwimu utawameza madalali wa mtindo wa zamani. Mimi nilisita, kwa sababu nakumbuka yaliyoipata Redfin, kampuni ya udalali wa aina hiyo iliyozaliwa hapa hapa Seattle, ambayo hisa zake zilianza kuuzwa kwenye soko la hisa la Nasdaq Julai 2017 kwa dola 15, zikapita dola 90 mapema mwaka 2021, na hatimaye Machi 2025 kampuni ikakubali kununuliwa na Rocket, wakopeshaji wa fedha za nyumba, kwa thamani ya dola 12.50 kwa hisa. Tovuti yake ilikuwa ikitembelewa na karibu watu milioni 50 kwa mwezi. Naomba kueleweshwa: inakuwaje kampuni yenye wateja wa kiasi hicho mlangoni ishindwe kupata faida hata mwaka mmoja tangu iingie soko la hisa? Na je, Compass inakabiliwa na hatari hizo hizo?

Mhasibu wa Minneapolis

Ndugu Mweka Hazina, swali lako ni la msingi, na jibu lake linaanzia kwenye mishahara. Dalali wa kawaida Marekani hajaajiriwa. Anajitegemea, na asipouza nyumba hapati kitu. Redfin iliamua kuwaajiri madalali wake, ikawalipa mshahara, bima ya afya na bonasi, kisha ikamtoza muuzaji asilimia 1 hadi 1.5 ya bei ya nyumba mahali ambapo wengine walizoea kutoza kati ya asilimia 2.5 na 3. Mpango huo ulikuwa na mantiki: tovuti inaleta wateja kwa gharama ndogo, kwa hiyo dalali mmoja anahudumia wateja wengi zaidi, na mteja anapata nafuu ya bei. Tatizo ni kwamba mshahara ni gharama isiyopungua soko linapolala. Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga miji, kampuni iliwapa asilimia 41 ya madalali wake likizo bila malipo; haikuchukua muda wanunuzi wakafurika, ikalazimika kuwarudisha watu na kuajiri wapya kwa haraka. Juni 2022 ikapunguza takriban asilimia 8 ya wafanyakazi, na Novemba mwaka huo huo asilimia 13 nyingine. Kampuni inayoajiri soko likiwa juu na kufukuza likiwa chini hulipia gharama za pande zote mbili.

Soko lenyewe nalo lilianguka vibaya. Mwaka 2021 nyumba zilizokwisha kukaliwa zilizouzwa Marekani zilikuwa milioni 6.12, mwaka 2023 zilikuwa milioni 4.09, idadi ambayo wakati huo ilikuwa ndogo kuliko zote tangu 1995. Riba ya mkopo wa miaka 30, ambayo mwanzoni mwa 2021 ilikuwa chini ya asilimia 3, ilikaribia asilimia 8 Oktoba 2023. Chukua mkopo wa dola 400,000: kwa riba ya asilimia 3 mkopaji analipa takriban dola 1,690 kwa mwezi, na kwa asilimia 7 analipa takriban dola 2,660, kabla ya kodi na bima. Mwenye mkopo wa zamani haoni sababu ya kuuza na kuhama, hata kama watoto wamejaa chumba kimoja. Hivyo wanunuzi walipungua na wauzaji pia wakapungua, na hakuna programu ya simu inayoweza kumshawishi mtu aache riba ya asilimia 3.

Dalali, Dallas

Nakubaliana na Mhasibu, ila naomba niongeze jambo ambalo wawekezaji wengi hawalioni kwa kuwa hawajawahi kumzungusha mteja. Tovuti inamleta mtu hadi kwenye picha za nyumba, lakini kutoka hapo hadi kukabidhiwa funguo kuna wiki nyingi za kazi ya mikono: kurudi nyumba ile ile mara ya pili na mama mkwe, kubishana juu ya ripoti ya mkaguzi inayosema paa limechoka, kumtuliza muuzaji benki ikichelewa. Watu huchagua dalali kwa kumwamini, na mara nyingi wanamfahamu kupitia kanisa, msikiti au jirani. Ndiyo maana Redfin, pamoja na wageni wote hao wa tovuti, ilibaki kwenye karibu asilimia 1 tu ya soko la nchi, na baadaye ikashuka chini ya hapo.

Hatari nyingine ni ya kamisheni yenyewe. Oktoba 2023 mahakama ya Kansas City, Missouri, iliamua kwamba chama cha taifa cha madalali, NAR, pamoja na makampuni makubwa walikula njama ya kuzipandisha kamisheni, na fidia ikatajwa kuwa karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama hicho kilikubali kumaliza kesi kwa dola milioni 418 na kubadilisha kanuni. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, mnunuzi anasaini mkataba na dalali wake kabla ya kuingizwa ndani ya nyumba, na malipo ya dalali yameandikwa waziwazi. Ninaiweka karatasi hiyo mezani kila juma, na kidole cha mteja huenda moja kwa moja kwenye mstari wa asilimia. Zamani mstari huo hakuuona kabisa. Kwa maoni yangu ni haki yake kuuona, na kampuni yoyote inayopanga mapato yake kwa kudhani kamisheni ya dalali wa mnunuzi itabaki pale pale inajidanganya.

Mhasibu wa Minneapolis

Kuhusu Compass: hatari zake zinatofautiana kidogo na za Redfin. Madalali wake wanajitegemea, kwa hiyo soko likilala kampuni haibebi mishahara yao. Badala yake inabeba mgao: sehemu kubwa mno ya kamisheni, zaidi ya asilimia 80, inakwenda kwa madalali, na wale hodari walivutwa kwa hisa na masharti mazuri ambayo kampuni nyingine inaweza kuyapita kesho. Ilipata hasara ya dola milioni 494 mwaka 2021, milioni 602 mwaka 2022, na mwaka 2024 hasara ikapungua hadi milioni 154. Hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo Septemba 2025 ilitangaza kuinunua Anywhere Real Estate, wenye majina ya udalali ya Century 21 na Coldwell Banker, na wakati huo Anywhere ilikuwa na deni la zaidi ya dola bilioni 2. Ukuaji wa kununua kampuni nyingine huongeza mapato siku ile ile, lakini riba ya deni hailali soko linapolala.

Mweka Hazina, Kent (Washington)

Asanteni sana. Nitawapelekea wanachama hoja ya deni na ya mgao wa madalali, na nitaomba uamuzi usogezwe hadi tuisome ripoti ya robo mwaka, tukitazama kwanza kama miamala imeongezeka kwa madalali waliokuwepo, ukiacha wale walionunuliwa.