Kesi ya Rehema (kikundi cha familia)

*Jumamosi*

Rehema: Shikamooni nyote. NIMEPATA! Barua imeingia sasa hivi. Wiki sita, Julai mpaka katikati ya Agosti, programu ya kiangazi kwenye chuo cha biashara huko Ulaya 🎉

Mama: Alhamdulillah mwanangu!!! Nimepiga kelele hadi baba yako ameangusha rimoti

Baba: Sikuiangusha. Niliiweka chini kwa haraka.

Mjomba Kassim: Hongera sana mpwa wangu. Wiki sita za kutembea na cheti juu 😂

Rehema: Kutembea wapi mjomba, kuna mtihani

Shangazi Zuhura: Hongera mwanangu. Salim jitokeze umweleze mdogo wako, wewe ndiye uliyetangulia.

Salim: Hongera Rehema. Swali moja kabla sijasema lolote. Idara yenu imeshasaini?

Rehema: Isaini nini? Barua ya kukubaliwa ninayo

Salim: Hiyo ni ya kule. Nauliza ya chuoni kwenu, kwamba ukiimaliza hiyo kozi itahesabiwa kwenye digrii yako.

Rehema: Si nitapeleka matokeo nikirudi?

Shangazi Zuhura: Haya, imeanza 🙈

Salim: Mimi ndivyo nilivyofanya. Nilipata A. Nikarudi kichwa kimevimba, nikapeleka cheti idarani. Nikaambiwa hii ni ileile misingi ya masoko uliyofaulu mwaka wa pili, hatuihesabu mara mbili. Nikasema ya kule ilikuwa nzito zaidi. Wakaniuliza silabasi iko wapi, saa za darasani ngapi, mlisoma vitabu gani, mtihani ulikuwa wa aina gani. Sina hata kimoja. Ukurasa wa kozi ulikuwa umeshaondolewa kwenye intaneti.

Shangazi Zuhura: Muhula uliofuata akabebeshwa kozi ya ziada. Nilisikia malalamiko mpaka Desemba.

Salim: Mpaka Januari, mama.

Baba: Rehema, krediti ngapi?

Rehema: 7.5 za ECTS kila kozi, ule mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya. Nimechagua mbili, ujasiriamali na fedha za kimataifa

Baba: Ngoja.

Mama: Ameshachukua kalamu

Baba: Mwaka mzima wa masomo ni krediti 60 za ECTS. Kwa hiyo kozi moja hapo ni sehemu moja ya nane ya mwaka. Krediti moja huhesabiwa saa 25 hadi 30 za kazi, darasani na kujisomea pamoja. 7.5 ni saa 187 na nusu hadi 225. Gawanya kwa wiki sita unapata saa 31 hadi 37 na ushei kila wiki. Hiyo ni kozi MOJA.

Baba: Mbili ni kuanzia saa 62 hadi 75 kwa wiki.

Mjomba Kassim: Kumbe kweli hakuna kutembea

Rehema: Nilidhani kiangazi wanalegeza kidogo 😩

Salim: Wanakaza. Ni muhula mzima umeshindiliwa. Ukiumwa siku tatu tu, unakuta mada nzima imekupita. Chukua moja.

Rehema: Basi ujasiriamali

Salim: Chuoni kwenu ujasiriamali haupo?

Rehema: Upo. Nimeusoma mwaka jana

Salim: 😐

Rehema: Ah

Rehema: Fedha za kimataifa nayo iko mwaka wa mwisho, na ni ya lazima. Kuna ya tatu, mbinu za kujadiliana kibiashara na watu wa nchi nyingine. Hiyo kwetu haipo kabisa

Baba: Ndiyo hiyo.

Salim: Ndiyo hiyo. Ila usiende ukitegemea kukaa unaandika notisi. Kesi unaisoma usiku, asubuhi mnaingia mnaibishania, na kuongea kuna alama. Mimi wiki ya kwanza nilikaa kimya kwa adabu, nangoja mwalimu aniite. Hakuniita. Wenzangu walikuwa wanadakia hata hawajamaliza kufikiri, na alama wanazoa.

Bibi: 🎤 0:19

Mama: Kwa walio kazini: Bibi anauliza kesi gani hiyo, Rehema kafanya nini, na kama ameshapatiwa wakili

Rehema: 😂😂😂 Bibi, si ya mahakamani! Ni kisa cha kampuni, tunakisoma halafu tunaamua wangefanyaje

Salim: Bibi hajakosea sana lakini. Asili yake ni huko huko. Christopher Langdell alianza kufundisha sheria kwa kesi za mahakama pale Harvard mwaka 1870. Shule yao ya biashara ilifunguliwa 1908, na mkuu wake Wallace Donham, ambaye alisomea sheria, ndiye aliyeisukuma njia hiyo miaka ya 1920. Unapewa kurasa za kampuni iliyokwama, hukumu unatoa wewe.

Bibi: 🎤 0:07

Mama: Anasema basi asome, asije akafungwa

Mama: Sasa viza jamani, ndiyo inayoninyima usingizi

Rehema: Wiki sita haifiki siku 90, kwa hiyo ni viza ya muda mfupi ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi unaweza kupeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla

Shangazi Zuhura: Hiyo 15 isahau! Uamuzi wenyewe kwa kawaida ni siku 15, na wakitaka kuchunguza zaidi unaweza kufika 45. Bado hujapata miadi ya kupeleka hizo karatasi. Ya Salim ilitoka tumeshakata tamaa.

Salim: Na bima ya safari isipungue yuro 30,000 za matibabu, iwe ya nchi zote za Schengen. Soma karatasi yenyewe, usiridhike na maneno ya muuzaji.

Mjomba Kassim: *Ujumbe huu umefutwa*

Baba: Kassim, nimeusoma. Hakuna kijana wa kuharakisha viza hapa.

Mjomba Kassim: Nilikuwa nasaidia tu shemeji

Rehema: Kaka Salim, na kazi za vikundi zikoje?

Salim: Hapo ndipo nilipochoka. Tulikuwa watano, tuliofanya kazi ni wawili, alama ikatolewa moja kwa wote. Siku ya kwanza kabisa andikeni nani anafanya nini na lini, mtu asikwambie tutaona mbele. Lakini watu wawili wa kile kikundi bado tunawasiliana mpaka leo, mmoja ndiye aliyenisomea barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi.

Shangazi Zuhura: Yule wa alama za bure au yule mwingine?

Salim: Wa alama za bure 😂 Kwenye barua ni hodari.

*Alhamisi*

Rehema: 📷 Picha

Rehema: IMESAINIWA. Mkuu wa idara aliuliza maswali yaleyale ya kaka Salim, neno kwa neno. Wamekubali iwe kozi ya hiari, ila nikirudi nipeleke silabasi na nakala ya matokeo iliyogongwa muhuri

Mama: 😭😭 Mwanangu

Salim: Silabasi umeshaipakua?

Rehema: Iko kwenye simu, iko kwenye barua pepe, na nimeichapisha

Baba: Nitumie na mimi.

Shangazi Zuhura: Salim, unaona wenzako?

Salim: Mama jamani 🙆🏾‍♂️