Muuza chipsi kaniita BIBI mbele ya mtoto niliyemzaa mwenyewe

Mama Kitinda (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, ila kwangu si njema. Naandika hata dera sijavua, mikono inanuka mafuta ya chipsi.

Wana Mtwara, yule kijana mnamjua. Yule wa kabati la kioo lenye taa nyekundu, njia ya kwenda Shangani, mwenye spika kubwa kuliko biashara yenyewe. Simtaji, maana nikimtaja nitamwongezea wateja. Aliyejua kajua.

Leo nimekwenda pale na kitinda mimba wangu, miaka 3. Tangu asubuhi kagoma kula. Uji hataki. Ugali wa muhogo kautazama kama umemtukana. Chipsi, chipsi, chipsi, utadhani nilimzalia kwenye karai. Haya, twende. Mimi nimetoka kufua, msuko una wiki ya 6, nimejitupia dera na mtandio juu. Nani anajipamba kama anakwenda kitchen party kumbe anafuata viazi?

Mbele yangu kuna dada mmoja. Huyo dada mimi naingia kidato cha kwanza yeye yuko cha tatu, namjua. Wigi mpaka kiunoni. Kijana anamwambia, "Mrembo, nikuongezee kachumbari?" Mrembo! Sawa, biashara maneno. Zamu yangu ikafika. Mtoto akanyoosha mkono anataka chupa ya tomato. Kijana akainua mwiko juu, akazima muziki. Nasema AKAZIMA MUZIKI, spika ambayo haizimwi hata kukiadhiniwa. Akasema:

"Bibi, mshike mjukuu asiungue."

Benchi zima kimya. Kisha yule wa bodaboda akapaliwa na soda. Nawaapia mafuta yaliacha kuchemka. Viazi vilinigeukia.

BIBI. Mimi wa 1988! Mimi na Rihanna tumezaliwa mwaka mmoja. Mwenzangu Februari 2023 kapanda jukwaani Super Bowl na mimba yake, dunia inapiga makofi, hakuna aliyepiga kelele mshusheni bibi asidondoke. Janet Jackson kajifungua Januari 2017 ana miaka 50. Hamsini, tena mtoto wa kwanza! Mimi wangu wa mwisho nimempata na thelathini na ushee, naambiwa mjukuu.

Mtoto naye kaniangalia: "Mama, mjukuu ni mimi?" Nikakosa jibu. Njia nzima kwenye bajaji anaimba "bibi mshike, bibi mshike", dereva anaitikia. Kufika nyumbani baba yake kacheka mpaka kashika ukuta. Binti yangu mkubwa, miaka 14, kaniweka status nikiwa na dera hili hili, kaandika "Bibi yetu, Mungu akupe maisha marefu". Watu 40 wameshaitikia amina. Mama mkwe kapigiwa simu, nilidhani atanitetea, ananiuliza, "Sasa kama bibi ni wewe, mimi ni nani?"

Lakini narudi pale pale. Kwa nini alizima muziki? Angesema na singeli yake inalia, ningejifanya sijasikia, na benchi lisingesikia. Yeye kazima. Mwiko juu kama mwenye mada anataka kuzungumza.

Nataka aniombe radhi. Benchi lile lile, watu wale wale, spika imezimwa vile vile.

Ming'oko Mbichi

Shikamoo.

Kasa wa Msimbati

Shikamoo bibi. Punguza hasira, presha kwa umri huo si ya kuchezea.

Mama Kitinda

Nyie wawili nitawatafuta mpaka niwapate. Mtwara si kubwa.

Fundi Rangi

Uzi bila picha ni uvumi. Weka picha tujue kijana kakutukana au kakutambua.

Binti Mikindani

Pole dada. Huyo wa taa nyekundu namjua sana. Mimi aliniita "mama", mume wangu tuko naye pale pale akamwita "broo". Mume wangu kanizidi miaka 11! Nikamwangalia mume anisemee, yeye anatabasamu, anajirekebisha kola. Mpaka leo akitaka kuniudhi anavaa shati lile.

Mama Kitinda

Afadhali mama. Mama ni cheo changu. Mimi nimepandishwa bila mtihani.

Mzee wa Kamusi

Mleta uzi umekasirika kwa kukosa historia. Neno bibi lilikuwa pia la heshima kwa mwanamke yeyote, si kwa mzee tu. Bibi Titi Mohamed alizaliwa 1926, ameingia TANU miaka ya 50 hajafika hata 30, na nchi nzima ikamwita Bibi Titi. Tena huko nyuma bibi ni mke wa mtu, ndiyo maana mpaka leo tunasema bwana na bibi harusi. Huenda kijana kakusalimia kwa Kiswahili cha adabu.

Mama Kitinda

Mkuu nakuheshimu. Swali moja tu. Bibi Titi kuna siku aliambiwa amshike mjukuu asiungue?

Mzee wa Kamusi

Hapo kwenye mjukuu sina utetezi.

Fundi Rangi

Kama bibi ni mke basi jamaa alikuwa anatongoza 😂😂

Mama Kitinda

Na mwiko juu?

Ming'oko Mbichi

Tuseme ukweli lakini. Mimi kwetu Newala, shangazi yangu ni wa 1987 na ana wajukuu wawili, mkubwa anakwenda chekechea. Kijana wa watu kapiga hesabu za mtaani. Wewe ndiye uliyechelewa, usimlaumu muuza viazi.

Binti Mikindani

Tabia mbaya hii. Mtu akizaa mapema mnasema, akizaa akiwa mtu mzima anaitwa bibi. Tuzae lini, tupeni ratiba.

Mke wa Mkulima

Nyote mnadeka. Wenye shida tupo Tandahimba huku, tena kimya. Mume wangu neno lake ni moja tu mwaka mzima: "Subiri mnada." Wa korosho. Mtoto hana viatu, subiri mnada. Godoro limelalia upande, subiri mnada. Tamthilia yangu ile ya Kituruki ilikuwa imefika pale mwanamke anagundua mume wake yuko hai, king'amuzi kikakata. Nikamwambia lipia. Anajua mnada mwaka huu umechelewa, ananijibu nini? Subiri mnada! Sasa mimi huyo mume yuko hai au hayuko hai?

Binti Mikindani

Yuko hai ila kaoa kwingine. Pole.

Mke wa Mkulima

Ungeniacha tu nisijue.

Kasa wa Msimbati

Bibi na king'amuzi, haya ndiyo matatizo? Sisi tuliokwama Somanga Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zimekata barabara, mnatuzidi nini? Mimi nilikuwa na mtoto wa miaka 4 kwenye basi. Usiku mzima ananiuliza "Baba tumefika?" Kila dakika. Kulipopambazuka abiria wote wanamjibu kwa pamoja, "BADO!" Kuna mzee nyuma yangu alikuwa anamjibu hata akiwa usingizini. Simu yenye katuni ilizima chaji saa 2 usiku, na hapo ndipo nilipoyajua malezi.

Fundi Rangi

Katuni ndiyo dawa bwana. Ila bando! Wangu akiishikilia simu nusu saa naletewa ujumbe kuwa kifurushi kimekwisha. Naapa yule nguruwe wa pinki kanikopesha umaskini.

Mke wa Mkulima

Wangu sasa anaongea Kiingereza cha katuni. Bibi yake akimwambia njoo ule anajibu "no thank you". Juzi bibi yake, yaani bibi wa kweli, anauliza huyu mtoto kaugua ulimi?

Mama Kitinda

Jamani tulikuwa kwenye chipsi. Nimekumbuka kingine. Aliponikabidhi mfuko alinikabidhi kwa mikono miwili. MIWILI. Na kichwa kainamisha.

Ming'oko Mbichi

Huyo kalelewa vizuri, mnyonge mnyongeni.

Kasa wa Msimbati

Halafu kwani chipsi ulizichukua? Kwa hasira zote hizo nilidhani ulimwachia.

Mama Kitinda

Nilikuwa nimeshalipa 3,500 ya chipsi mayai. Nimwachie nina wazimu?

Fundi Rangi

3,500?? Juzi tu zilikuwa 3,000! Hapa ndipo pa kulalamika, siyo mambo ya bibi. Yai limepanda kiasi gani?

Binti Mikindani

Mayai yamepanda kweli. Ila na viazi anakata vyembamba siku hizi, ukihesabu havijai kiganja. Na kachumbari kabichi tupu, nyanya unaitafuta kwa tochi.

Fundi Rangi

Wa upande wa Magomeni bado wanauza 3,000 na pilipili ya embe wanakuwekea bila kuomba.

Mke wa Mkulima

Pilipili ya embe ya Magomeni ni maji. Msitudanganye.

Kasa wa Msimbati

Nyie wa mjini kila kitu maji. Njooni Msimbati mle pweza, muache viazi kwa watoto.

Fundi Rangi

Pweza bila usafiri? Bodaboda ya kuja huko ni bei ya pweza wawili.

Ming'oko Mbichi

Kuna mtu yuko karibu na njia ya Shangani sasa hivi? Nataka kujua wa taa nyekundu kama leo kafungua. Mke wangu ana mimba, na kasema bila za pale halali mtu.

Mama Kitinda

Kafungua. Nimetoka hapo sasa hivi. Wahi, mayai yamebaki trei moja.