Chai ya rangi au kahawa kwa mtoto anayejiandaa na mtihani?

Mama wa Shangani
Shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa wenzangu. Mwanangu anajiandaa na mtihani wa taifa, lakini kila jioni akifungua daftari husinzia kabla ya saa mbili. Jirani ananishauri nimpe kahawa kidogo. Mama yangu mzazi anasema chai ya rangi inatosha. Kesho nakwenda sokoni. Ninunue ipi?

Mwana Mikindani
Dada, hujatueleza umri wake, uzito wake, wala saa anayoamka. Bila hayo tutakuwa tunakisia tu.

Fundi wa Masasi
Chai, tena ya maziwa na tangawizi. Sisi tumekulia chai na muhogo wa kuchemsha, na shule tulisoma.

Baba wa Lindi
Mimi nilimpa binti yangu wa darasa la saba kahawa kila siku saa moja jioni, na juma la kwanza nilifurahi sana kwa sababu alisoma hadi saa tano bila kupiga miayo. Baadaye akawa hapati usingizi hadi saa nane za usiku, analalamika kwamba moyo unamwenda mbio, na asubuhi haamki mpaka atikiswe. Nikafanya kosa la pili: nikamwongezea kikombe cha asubuhi. Katika mtihani wa majaribio alama zake za hisabati zilishuka, na tulipoiacha kahawa ghafla aliumwa kichwa siku mbili mfululizo. Bado linaniuma, kwa kuwa mtoto hakuomba kahawa, nilimpa mimi.

Muuguzi Newala
Pole sana, kaka. Kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa na chai inayofukuza usingizi, huzuia ishara ya uchovu katika ubongo, lakini uchovu wenyewe hubaki palepale, na kwa mtu mzima nusu ya kafeini huweza kuwa bado mwilini baada ya takriban saa tano. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitaja miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa siku kuwa kiwango kisichotia wasiwasi, na madaktari wengi wa watoto hushauri wasipewe kabisa. Kikombe cha chai ya rangi hukaribia miligramu 40. Cha kahawa huweza kufika 95. Tena chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kwenye kunde na mboga za majani.

Fundi wa Masasi
Kwa hiyo kisamvu na chai tusile pamoja? Hapo mnatuondolea mlo wetu wote.

Muuguzi Newala
Kisamvu kileni, tena kwa embe au chungwa, maana vitamini C husaidia madini hayo kufyonzwa. Chai isubiri kama saa moja baada ya kula. Mchaichai mtupu hauna kafeini.

Mama wa Shangani
Samahani kwa kuchelewa. Yupo darasa la nne, ana miaka 10 na kilo 27. Huamka saa kumi alfajiri, na hulala saa nne usiku kwa sababu ya masomo ya ziada.

Mwana Mikindani
Hizo ni saa sita, dada yangu, na mtoto wa umri huo anahitaji saa 9 hadi 12. Mchana anakula nini, na wapi?

Mama wa Shangani
Hubeba mihogo ya kukaanga. Ila masomo ya ziada nimekwisha yalipia hadi mwisho wa muhula.

Fundi wa Masasi
Basi chai ya maziwa, asubuhi tu.

Baba wa Lindi
Hata hiyo mimi nisingempa. Zungumza kwanza na mwalimu wa masomo hayo kuhusu saa.