Mwanangu ana miezi 19 na hajatamka neno: je, lugha mbili zimemfunga ulimi?

Mama wa Langoni: Assalaam aleykum. Mwanangu wa kiume hajatamka hata "mama". Mimi humsemesha Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, babake humsemesha Kipokomo, na mama mkwe ameshikilia kwamba lugha mbili ndizo zilizomchanganya. Je, tuache moja?

Nahodha wa Shela: Shemeji, msimwonee Mpokomo wa watu. Mimi nililelewa kwa lugha tatu na leo mke wangu ananiomba ninyamaze.

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, neno la Kipokomo nalo ni neno, lihesabu. Nijibu haya: je, huonyesha kitu kwa kidole? Alipokuwa na miezi 7 au 8 alirudiarudia "bababa"? Akiitwa kwa nyuma, hugeuka?

Mama wa Langoni: Kidole huonyesha, hasa akiona punda. "Bababa" alianza, kisha akaacha. Lakini, bibi, mimi niliuliza habari ya lugha.

Binti Pate: Kaka yangu alianza kusema akiwa na miaka 3, na sasa ni dalali. Tatizo ni akina mama wa siku hizi, ambao humkabidhi mtoto simu ilhali anachohitaji ni mtu wa kumtazama usoni na kumjibu.

Mkunga Mstaafu: Swali la tatu halijajibiwa.

Mama wa Langoni: Masikio yake yalitoka usaha mara mbili, ukakauka wenyewe. Hata hivyo, tumeshaafikiana na fundi wa kukata kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, nimemlipa nusu, na atakuja Ijumaa. Mama mkwe alikatwa udogoni na anazungumza vizuri.

Mkunga Mstaafu: Kukata kimio hakumfundishi mtoto kusema, kunaweza kumtoa damu nyingi na kumletea maambukizi. Usaha ukikauka, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya kiwambo cha sikio, sauti zikamfikia hafifu, naye hawezi kuiga asichokisikia. Mpeleke hospitali apimwe usikivu. Kipimo hakiumi, na kipo ambacho hufanywa mtoto akiwa amelala.

Mdadisi: Mama mkwe, fundi, nusu ya malipo, na usaha unaojitokeza katikati ya kisa! Huu ni utunzi.

Nahodha wa Shela: Hata ukiwa utunzi, huyo fundi mbona namjua?

Mama wa Langoni: Bwana Mdadisi, laiti ningekuwa natunga. Jana usiku nilisimama nyuma ya mwanangu jikoni, nikagonga sufuria kwa mwiko mara tatu. Paka aliruka dirishani; yeye aliendelea kupanga vifuniko vyake sakafuni. Aligeuka kivuli changu kilipomfikia, akacheka, akainyooshea sufuria kidole. Mama mkwe alikuwa mlangoni akitazama. Ameniambia nimpigie fundi simu asije, na kwamba Jumatatu tutakwenda naye hospitali.