Homoni ipo tele, mwili hauisikii

Mama Juni: Wapendwa, mwanangu ana miezi minne. Alikuwa anatapika, uzito haupandi, nikaambiwa maziwa yangu mepesi. Vipimo vikaja: sodiamu (madini ya chumvi) chini, potasiamu juu, aldosteroni (homoni inayoiambia figo ibakize chumvi mwilini) juu kupindukia. Ugonjwa wenyewe wanauita pseudohypoaldosteronism. Dawa? Chumvi! Nampa maji ya chumvi kwa bomba la sindano, anakunja uso kama kalamba ndimu. Mama mkwe ananiona kichaa. Kuna aliyepitia?

Baba Wawili: Pole dada. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Homoni ipo, ila kipokezi chake kwenye figo, yaani kinachopokea ujumbe wa homoni, ndicho kibovu, chumvi yote inaishia kwenye mkojo. Kumbe nimemrithisha mimi, na sijawahi kuumwa! Alipofika miaka miwili daktari akatuachisha chumvi.

Nesi wa Zamu: Uliza ni aina gani. Ya kipokezi (jeni NR3C2) hupungua makali mtoto akikua. Nyingine, ya njia zinazopitisha sodiamu kwenye seli, hugusa hadi mapafu na jasho, na haiishi. Akiharisha au kutapika usingoje kukuche, mkimbize hospitali: potasiamu ikipanda, moyo uko hatarini.

Mama Juni: Asanteni. Baba Juni kasoma jibu la Baba Wawili, kanyamaza. Kesho naye anatolewa damu.